Tazama Moto Kabla ya Nyama

Mtu anayeijua nyama choma haanzi kwa kuuliza bei, wala haanzi kwa kuchagua kipande. Anasogea kwenye moto na kuutazama. Ukialikwa kwenye sherehe Nyansurura, au ukipita Mugumu au Tarime siku ya mnada wa mifugo, fanya hivyo hivyo. Mkoa wa Mara una sifa ya nyama choma Tanzania nzima, na sifa hiyo imewafanya wengi waamini kwamba kila kinachotoka juu ya wavu huku ni kizuri. Si kweli. Nyama ya ng'ombe mmoja, wachomaji wawili, inaweza kutoa chakula cha kukumbukwa miaka mingi na chakula cha kutafuna tu kwa sababu umeshalipa.

Ndimi za moto hazichomi nyama, zinaibabua. Moto ulio tayari hauna ndimi: ni makaa mekundu yaliyovaa majivu mepesi meupe. Weka kiganja pale nyama itakapokaa. Ukivumilia mpaka ukahesabu tano taratibu, weka kipande kikubwa bila hofu. Ukilazimika kuondoa mkono kabla ya mbili, ngoja. Babu yangu, aliyetuchomea nyama uani kila nyumba ilipopata mgeni wa heshima, alikuwa na maneno yale yale kwa kila mjukuu aliyekuja na kipande mkononi kabla ya wakati: "Mura, acha moto ufe kwanza." Tulijibu "Ndiyo, babu," tukarudi kufukuza mbwa. Maini na figo vilitangulia, kwa kuwa huiva upesi, na hivyo ndivyo vilivyowanyamazisha watoto. Mbavu zilikuja jua likiwa limeshageuka. Mpaka leo sijala mbavu zilizozishinda zile, na nina hakika siri haikuwa ng'ombe.

Uliza pia kuni. Mgunga ndio ninaoukubali: mzito, makaa yake hudumu, moshi wake ni mkavu na hauachi ladha ya kigeni. Mkaratusi uachwe uchemshe maji ya kuoga. Mafuta yaliyomo kwenye mti huo ni yale yale yanayotiwa kwenye dawa za kupaka kifuani wakati wa mafua, na nyama huyabeba mpaka mdomoni. Vipande vya mbao zilizopakwa rangi, au moto uliowashwa kwa mafuta ya taa na nyama ikawekwa papo hapo, ni sababu tosha ya kuondoka.

Sasa nyama yenyewe. Tafuta muhuri wa mkaguzi kwenye paja kabla halijakatwa. Kama ni nyumbani, umwone mnyama akiwa amesimama. Ugonjwa wa kimeta upo katika ukanda huu wa Serengeti, na kibudu hakigeuki kuwa chakula kwa kuchomwa sana. Ng'ombe wetu wa asili ni zebu, mdogo wa mwili, mtembeaji, mwenye misuli migumu kuliko ng'ombe wa kufugwa bandani. Kwa hiyo kipande kinachomtambulisha mchomaji ni nundu. Ina mafuta yaliyopita katikati ya nyama, na yanahitaji muda mrefu na moto mdogo yayeyuke pole pole na kuilainisha. Akiharakisha, utapata ngozi nyeusi nje na mafuta mabichi ndani. Mchomaji anayeiweza nundu hatashindwa na kipande kingine chochote.

Chumvi inatosha. Sisemi pilipili na ndimu ni dhambi, ziwepo pembeni pamoja na kachumbari. Lakini nyama iliyolazwa kwenye viungo vingi usiku kucha inanipa wasiwasi: nataka kujua ilikuwa na harufu gani kabla. Angalia na kisu. Mchomaji stadi huiacha nyama itulie kidogo kwenye kibao, kisha huikata kwa kukingama na nyuzi zake, vipande vidogo, ili meno yakute nyuzi fupi. Akiikata kwa kufuata nyuzi, hata zebu mchanga atakuwa kamba.

Halafu kuna kipimo ambacho wageni hawakijui: acha vipande viwili vipoe. Ikiwa moto kila nyama hujitetea. Ng'ombe aliyechomwa vizuri bado ni mtamu akipoa, na harufu ya moshi inakuwa wazi zaidi. Aliyebabuliwa huwa mchungu na mkavu. Usimpime mbuzi kwa njia hii, maana mafuta yake huganda haraka na kunata kwenye kaakaa hata kama kachomwa na bingwa. Mbuzi huliwa wa moto.

Huwezi kuzungumzia jiko la Wakurya ukaruka kichuri. Ni majimaji ya kijani, machungu, yanayotoka kwenye utumbo wa ng'ombe au mbuzi, hupikwa na kuliwa na nyama au matumbo. Asiyeyazoea hukunja uso, na wengine huwacheka wanaoyapenda. Mimi nayahesabu kuwa kilele cha ufundi wetu, kwa sababu hayana pa kuficha uzembe. Kichuri kizuri kina uchungu unaofika mara moja, ukasafisha mdomo mafuta ya nyama, kisha ukaondoka. Uchungu unaobaki kooni na kukaa huko unaniambia kwamba nyongo imezidi. Harufu iwe ya majani, si ya zizi. Na kiwe kimechemka kweli kweli, kikatokota, kwa usalama wa mlaji. Usikubali kichuri cha mnyama ambaye hukumjua afya yake.

Matumbo yana heshima kwa wafugaji wengi wa dunia. Wanavajo wa Arizona na New Mexico, Marekani, huzungusha utumbo wa kondoo kwenye kipande cha mafuta na kuuchoma juu ya makaa nje ya nyumba, wanauita ach'íí'. Watu hao walihamishwa kwa nguvu na jeshi mwaka 1864 hadi mahali paitwapo Bosque Redondo. Mkataba wa mwaka 1868 uliowaruhusu kurudi kwao uliwaahidi kondoo na mbuzi 15,000, kwa sababu bila mifugo kurudi kusingekuwa na maana. Mkurya yeyote anaelewa hesabu hiyo bila kufafanuliwa.

Nyama bila ugali haijawa mlo, na hapa wahukumu wengi hulegea. Ugali wa udaga uliochanganywa na mtama au ulezi uwe wa rangi ya udongo, mzito, unaovutika kidogo unapoumega na usioacha unga vidoleni. Uchachu uwepo kwa mbali. Uchachu huo unatoka kwenye kuvundika: mhogo humenywa, hufunikwa mpaka uote ukungu na kulainika, ukungu hukwanguliwa, kisha huanikwa juani mpaka ukauke kabisa. Mama yangu aliukagua udaga wa sokoni kwa kuuvunja na kuunusa ndani, wala hakujali muuzaji alikuwa ndugu au jirani. Alikuwa na haki. Mhogo mchungu una sumu ya sianidi, na ni hatua hizo zinazoipunguza. Mwaka 1985, wakati wa ukame wilayani Tarime, hatua zilikatishwa kwa sababu ya njaa, na watu wakapatwa na konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla na usiopona. Wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Kwa hiyo ukiona udaga mweupe sana, mgumu katikati, usio na harufu yoyote ya kuvundikwa, uulize umeandaliwa kwa siku ngapi, na jibu likiwa la kusitasita usiununue.

Ulezi pekee, usagwe kwenye jiwe au mashineni, hutoa ugali mweusi wenye utamu wa mbali unaoendana na mbuzi kuliko ng'ombe. Hapo watu wa nyumbani kwetu hawakubaliani nami, na sitarajii wabadilike.

Ukifika kwenye banda la nyama choma ukakuta ndimi bado zinaruka, agiza soda, kaa kivulini, zungumza na waliokutangulia. Usimwambie mchomaji afanye haraka, maana wengine watakutii. Na ikiwa sahani imekufikia dakika kumi baada ya kuagiza nundu, lipia soda yako na utafute banda lingine.