Saa Jukwaani: Mtumishi au Bwana?

Mtu aingiapo katika ukumbi wa okestra huko Ulaya au Marekani, huenda akashangaa kuona saa ya kupimia muda, mfano wa ile ya waamuzi wa riadha, imewekwa kando ya karatasi za noti. Je, mwanamuziki aliyefunzwa tangu utotoni, tena mwenye kiongozi mbele yake, ana haja gani na saa? Swali hili latuhusu sisi pia, kwani wako miongoni mwetu wanaodhani kuwa muziki usiopimwa kwa chombo hauna kipimo.

Sababu ya kwanza ni kumbukumbu. Mwaka 1815 Johann Maelzel alipata hataza ya metronomu, chombo kigongacho mapigo kwa idadi maalumu kila dakika. Mwaka 1817 Beethoven alitangaza idadi ya mapigo ya simfoni zake nane za kwanza. Neno kama "haraka" au "polepole" kila mpigaji aweza kulifasiri apendavyo. Idadi ya mapigo haina tafsiri mbili. Hata leo mwanamuziki aweza kuitazama metronomu imulikayo taa bila sauti, ili akumbuke mwendo kabla ya kuanza. Akishaanza, huiacha, la sivyo wimbo ungekosa pumzi.

Sababu ya pili ni kuwapo kwa tungo zisizo na mapigo ya pamoja. Tarehe 29 Agosti 1952, huko Woodstock, Marekani, David Tudor aliketi mbele ya piano kwa dakika 4 na sekunde 33 bila kupiga noti hata moja. Utungo huo ulikuwa wa John Cage, nao ulikuwa na sehemu tatu. Tudor alitumia saa ili ajue mpaka wa kila sehemu. Bila mpaka, kimya kile kisingekuwa utungo. Baadaye, katika tungo nyingi alizoandika kati ya 1987 na 1992, Cage alimpa kila mwanamuziki kipindi cha kuanzia sauti na kipindi cha kuimalizia. Hapo hapakuwa na haja ya mapigo ya kiongozi. Saa ndiyo iliyowaunganisha wapigaji.

Sababu ya tatu ni mashine. Okestra ikiandamana na filamu au sauti zilizorekodiwa, binadamu ndiye apaswaye kuifuata mashine, maana mashine haimsubiri mtu.

Hizo ni sababu za haki. Lakini mwaka 1962 György Ligeti alitunga kazi ya metronomu 100, zinazoachwa zigonge kwa kasi mbalimbali hadi zote zinyamaze. Kila moja yagonga kwa usahihi wake, na zote pamoja ni vurugu. Kwa maoni yetu, kazi hiyo yatufundisha kwamba usahihi si mapatano. Chombo chaweza kuhesabu. Kupatana ni kazi ya watu.

Na tugeukie kwetu. Mshairi wetu hutimiza mizani 16 katika mshororo, nane kwa nane, wala hana saa mkononi. Sikio lake ndilo mizani yake. Katika ngoma zetu nyingi, mpigaji mmoja hushika pigo lisilobadilika, wenziwe wakaenda mbali na kurejea, na wachezaji wakajua pa kutia mguu. Kipimo hicho hakikuandikwa, bali kilifunzwa, na asiyekijua huonekana mara moja.

Kwa hiyo tunawasihi walimu wasiikatae metronomu eti kwa kuwa ni ya kigeni, wala wasiitumie kuihukumu ngoma. Mwanafunzi na aulizwe kwanza: utungo huu wataka kupimwa kitu gani, na ni nani anayekishika kipimo chake? Akiweza kujibu hayo kwa okestra na kwa ngoma vilevile, atakuwa ameanza kusikiliza.