Jicho la Mvuvi Asiyevua

Mgeni anayevaa miwani ya kuzamia kwa mara ya kwanza kwenye mwamba wa kisiwa cha Chumbe, kusini mwa Mji wa Zanzibar, hupiga maji mateke na kuhangaika huku na huko. Rangi anaziona, samaki hawaoni. Mwongozaji wake haendi popote. Amelala kifudifudi juu ya maji, mrija mdomoni, miguu imetulia, mpaka waliojificha waanze kutoka.

Utulivu huo haukuletwa na utalii. Hifadhi ya Chumbe ilipotangazwa mwaka 1994, wavuvi wa vijiji vya jirani waliajiriwa na kufunzwa ulinzi na kuongoza wageni. Mtu aliyelisha familia kwa kujua chewa anakaa pango gani hahitaji kufundishwa kutazama. Alichobadilisha ni sababu ya kutazama tu. Hata kanuni za kisiwa zinamfaa: wageni hawazamii na mitungi ya hewa, wanaelea na miwani na mrija, na aina zaidi ya 400 za samaki zimeorodheshwa hapo.

Ustadi wake huonekana hasa penye vitu vidogo. Pembeni mwa jiwe kuna samaki wa urefu wa kidole, mwenye rangi ya buluu na mstari mweusi ubavuni, anayecheza kwa kupanda na kushuka. Huyo ni msafishaji. Chewa mkubwa humjia, hutanua mdomo na mashavu, naye huingia humo akidonoa vidudu na ngozi iliyokufa, kisha hutoka salama. Lakini yuko mwingine mwenye rangi hizo hizo, mstari huo huo, hata mchezo huo huo. Samaki akimkaribia, hasa mchanga asiyejua mambo, huyu humnyofoa kipande cha pezi na kutimua mbio. Namna ya kuwatenganisha ni mdomo: wa msafishaji uko nchani kabisa, wa laghai umeingia chini ya pua. Mwongozaji hana maneno majini. Hunyoosha kidole, hugusa mdomo wake mwenyewe, kisha hugusa chini ya kidevu, na mgeni huelewa.

Wapo waongozaji wa pwani wanaotupa mkate majini. Samaki wenye milia hujaa papo hapo na picha hupatikana, lakini hiyo ni karamu, si ufundi. Mkunga haji kwenye mkate. Hutoa kichwa tu pangoni, akifumbua na kufumba kinywa, na mgeni hurudi nyuma akidhani anatishwa, kumbe mwenyewe anapumua. Pono naye husikika kabla ya kuonekana: meno yake yanakwangua mwamba, na matumbawe anayoyasaga hutoka tumboni mwake yakiwa mchanga mweupe. Mgeni aliyeonyeshwa hilo hutazama ufuko kwa jicho jingine, na mara nyingi hucheka.

Ufundi huu una kazi nyingine, isiyo na mgeni wala kamera. Chombo cha uvuvi kikiingia ndani ya mpaka, mlinzi hana silaha. Hukiendea, husalimiana na waliomo, na kueleza kwa nini mwamba umefungwa: changu na chewa wanaokulia humo hawajui mpaka, wakizidi hutoka nje, na huko nje ndiko ndugu za wavuvi hao wanakotupa nyavu.