Mkono wa Kushoto wa Mpiga Kinanda

Ukitaka kumpima mpiga kinanda, usiuangalie mkono wake wa kulia. Huo hufundishika kwa yeyote mwenye subira. Angalia wa kushoto. Yupo mzee mmoja wa taarab ambaye vidole vyake vya kulia vimeanza kuwa vizito, lakini mkono wa kushoto hautulii kwenye magurudumu mawili madogo pembeni mwa kinanda. Kwa la kwanza huivuta noti chini kidogo tu, ikutane na fidla. La pili hulisubirisha mpaka noti inakaribia kwisha, ndipo analisukuma na sauti ikatetemeka kama ya mwimbaji anayeishiwa pumzi. Vijana waliomzunguka wana vinanda vya bei kubwa kuliko chake, na magurudumu yao yamejaa vumbi.

Magurudumu hayo yalipata umaarufu kwa Minimoog, sintesaiza iliyotoka mwaka 1970 katika karakana ya Robert Moog kule Trumansburg, jimbo la New York. Ndani yake mna oseleta tatu, yaani saketi zinazozalisha sauti. Wenye pupa walizipiga zote kwa pamoja wakitafuta unene wa sauti. Wajuzi walijinyima: ya tatu waliinyamazisha, wakaishusha mwendo hadi ikawa inapanda na kushuka taratibu, kisha wakaipa kazi ya kuzitikisa zile mbili, au kuifungua na kuifunga filta, yaani kichujio cha sauti. Gurudumu la pili ndilo lililopima kiasi. Na ukiikaza kasi oseleta hiyo hadi ifikie kiwango cha kusikika, mtetemo hugeuka mkoromo. Tena mashine zenyewe zilikuwa na ukaidi wao: zikiwa baridi noti huhama, na zikishapata joto bado hazilingani sawasawa. Utamu mwingi ulikuwa humo.

Mkoromo huo una ndugu yake wa kidijitali. Mwaka 1967, katika Chuo Kikuu cha Stanford, mtunzi John Chowning alikuwa akiichezea vibrato, yaani mtetemo wa noti, kwenye kompyuta. Akaizidisha kasi, akaizidisha na kina, mpaka sikio likashindwa kuifuata mitikisiko. Hapo hakusikia tena noti inayotetemeka, bali sauti ya namna nyingine kabisa. Kwa oseleta mbili tu, moja ikiisumbua nyingine, aliweza kupata kengele na hata tarumbeta. Kampuni ya Yamaha wakanunua leseni ya ugunduzi huo, na mwaka 1983 wakatoa sintesaiza ya DX7: oseleta sita kwa kila noti, na mipangilio 32 ya kusumbuana kwake.

Wapo wanaosema dijitali haina roho. Hao hawajaipiga DX7 iliyopangwa na mtu mwenye masikio. Ukigonga kwa nguvu, oseleta inayosumbua huongeza usumbufu wake na noti hung'aa. Ukigusa kwa upole, inarudi kuwa laini. Uhai ulihamia kwenye vidole. Ila swichi na vitufe vya kuzungusha viliondolewa, vikabaki vitufe bapa na kioo kidogo cha maandishi, na kujitengenezea sauti kukawa kama kazi ya mhasibu. Wachache, akiwemo mwanamuziki Brian Eno, walikubali adha hiyo. Wengine wote walichukua sauti za kiwandani, na ile ya piano ya umeme ikazagaa katika nyimbo za mapenzi za miaka ya 1980 mpaka ikachosha.

Tabia hiyo ndiyo tuliyorithi. Harusini kinanda hujipigia ngoma na besi chenyewe, na sauti hutikisika kwa kasi ile ile aliyoichagua fundi wa kiwandani asiyemjua bibi harusi wala wimbo wake. Kwenye kompyuta ndiko kuna kichekesho zaidi. Wahandisi walihangaika miaka mingi kuituliza oseleta isihamehame. Leo wenzao wanaandika programu za kuirudishia kasoro ile ile, pamoja na kitufe cha kuchagua ihame kiasi gani. Vijana ninaowajua hawajakigusa.