"Kufungamana" au "Kushika"?

Katika tafsiri za biolojia liko neno moja linalokubalika upesi mno, nalo ni "kufungamana". Neno hili lina heshima yake: sote twazijua nchi zisizofungamana na upande wowote. Lakini istilahi haipimwi kwa heshima, hupimwa kwa kazi. Hebu tulipime kwa mfano mmoja.

Bakteria aitwaye Escherichia coli ana protini iitwayo EF-Tu, yenye asidi amino 393. Kazi yake ni kuichukua tRNA iliyokwisha kubeba asidi amino yake, kuifikisha kwenye ribosomu, kisha kuiachia. Asidi amino ya 66 ya protini hiyo ni histidini. Watafiti walipoiondoa na kuweka alanini mahali pake, EF-Tu ilidhoofika katika kuishika tRNA. Muundo uliochapishwa mwaka 1995, wa EF-Tu ya bakteria mwingine, Thermus aquaticus, ulidhihirisha sababu: histidini inayolingana na hiyo imekaa ubavuni mwa asidi amino iliyobebwa na tRNA.

Sasa mfasiri akiandika kwamba protini iliyobadilishwa "haifungamani" na tRNA, amepotosha jambo. Protini hiyo haikukataa kushika. Imeshika kwa udhaifu. Na lipo kosa kubwa zaidi. Asidi amino imeunganishwa na tRNA kwa kifungo halisi cha kemia, ambapo EF-Tu huishika tRNA kwa muda tu. Tukitumia "kufungamana" kwa mahusiano yote mawili, mwanafunzi atatofautishaje?

Tena, kuachia ni sehemu ya kazi yenyewe. Kiuavijasumu kiitwacho kiromisini huizuia EF-Tu isiachie, ikakwama juu ya ribosomu, na utengenezaji wa protini ukasimama. Madhara ya dawa hiyo hayatokani na kulegea kwa mshiko, bali na kutoachia. Maelezo haya hayaelezeki vema kwa neno lisilo na "kuachia" kama mwenzake.

Hivyo twapendekeza "kushika" kwa kitendo, "mshiko" kwa jina lake, na "nguvu ya mshiko" kwa kile kinachopimwa. "Kuunganishwa" kubakie kwa vifungo vya kemia. Watakuwako watakaosema kwamba "kushika" ni neno la jikoni, na kwamba vijana wa mjini huita fedha "mshiko". Hoja hiyo haina uzito. Fizikia ililichukua neno "kazi" kutoka shambani ikalipa maana ya kupimika, wala hakuna mwalimu aliyepotea kwa sababu hiyo.

Mfasiri asichague neno kwa sababu linasikika la kitaalamu. Kwanza na aulize: vitu hivi viwili vinafanyiana nini, kwa nguvu gani, na kwa muda gani? Akishajibu, mara nyingi ataliona neno tayari limo kinywani mwa watu.