PEPONI: RIWAYA ILIYOREJEA NYUMBANI

Mwezi wa Oktoba mwaka 2021, Abdulrazak Gurnah alipotunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, shangwe ilikuwa kubwa nchini, na ubishi nao haukuwa mdogo. Wako waliosema kwamba mwandishi huyu ni wetu, kwa kuwa alizaliwa Zanzibar mwaka 1948. Wako waliojibu kwamba mtu aliyeondoka ujanani, akawa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Kent, na akaandika riwaya zake zote kwa Kiingereza, ni wa Waingereza. Tulisikia mengi juu ya pasipoti na machache sana juu ya vitabu. Sababu yake yatutia haya kuitaja: wengi wetu tuliokuwa tukibishana tulikuwa hatujavisoma.

Pasipoti si kazi ya mhakiki. Swali linalotuhusu ni hili: je, riwaya iliyoandikwa ugenini, kwa lugha ya kigeni, yaweza kuwa sehemu ya fasihi yetu? Mwaka 2022 tulipata nafasi ya kulipima, pale kampuni ya Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam ilipochapisha *Peponi*, tafsiri ya *Paradise* (1994), iliyofanywa na mwanachuoni Ida Hadjivayanis.

Tafsiri si jambo geni kwetu. Mwalimu Nyerere alitupatia *Juliasi Kaizari*, na Clement Ndulute akatupatia *Shujaa Okonkwo* cha Chinua Achebe mwaka 1973. Katika vitabu hivyo mgeni alikaribishwa barazani akavishwa kanzu yetu. *Peponi* ni kisa kingine. Wahusika wake wengi, tangu mwanzo, ni watu ambao tungewasikia wakisema Kiswahili; Kiingereza cha mwandishi ndicho kilichokuwa tafsiri yao.

Yusuf ni mtoto wa miaka kumi na miwili, na baba yake ana hoteli katika mji mdogo wa bara. Baba anadaiwa na tajiri wa pwani aitwaye Aziz, hana cha kulipa, na mtoto anachukuliwa awe rehani. Mtoto mwenyewe anadhani amefuatana na mjomba au ami yake. Ni Khalil, kijana aliyemtangulia katika utumwa huo usio na jina, anayemfumbua macho: huyo si jamaa yako, mwite seyyid. Hapa msomaji atazame tofauti ya lugha. Kiingereza kina neno moja tu kwa ndugu wa baba na ndugu wa mama. Kiswahili humlazimisha mfasiri kuchagua upande, na lolote atakalolichagua, uongo wa tajiri unapewa ukoo kamili. Kwetu sisi unauma zaidi, kwa sababu tunajua heshima ambayo mtoto hudaiwa na watu hao wawili.

Jina la kitabu nalo limegeuka. *Paradise* ni jina la kitu, ambacho mtu aweza kukitazama kwa mbali. *Peponi* ni mahali, na kile kiambishi kidogo cha mwisho kinatuweka ndani yake, ndani ya bustani ya Aziz yenye ukuta, pamoja na rehani wake. Tunaona kwamba katika hili Kiswahili kimeipita lugha ya kwanza.

Msomaji wa pwani ana faida nyingine. Yusuf mwenye sura nzuri, bwana aitwaye Aziz, mke wa bwana aitwaye Zulekha, kanzu inayochanwa kwa nyuma: aliyepita chuoni hahitaji kuelezwa kwamba anasimuliwa upya kisa cha Nabii Yusuf. Msomaji wa London atatafuta maelezo. Lakini anayekijua kisa ndiye atakayeshtuka zaidi mwishoni, maana Yusuf wa Misri alipanda hadi akakabidhiwa hazina za nchi, na Yusuf huyu anakimbia kuufuata msafara wa askari wa Wajerumani.

Sasa tufike penye ugumu. Kwa miaka mingi tumewafundisha vijana kwamba kabla ya mkoloni tuliishi kwa udugu, na kwamba maovu yalishuka melini pamoja na mzungu. Gurnah hakubali. Katika riwaya hii Wajerumani wako pembeni kwa sehemu kubwa ya masimulizi, nao ni wa kutisha. Lakini aliyemweka mtoto rehani si Mjerumani. Msafara wa Aziz unapokwenda bara, wenye kanzu wanawatazama wenyeji kwa dharau na kuwaita washenzi. Neno hilo katika kitabu cha Kiingereza ni neno geni, msomaji hulipita kama anavyopita jina la mti asioujua. Katika kitabu cha Kiswahili ni neno la babu zetu, na bado halijafa midomoni mwetu. Wapo walimu watakaotaka kulipita haraka darasani. Tunawasihi wasifanye hivyo, hasa mbele ya wanafunzi ambao babu zao ndio walioitwa hivyo.

Tusiache, hata hivyo, kusema neno moja la manung'uniko. Said Ahmed Mohamed naye ni mzaliwa wa Zanzibar, naye alifundisha ng'ambo, katika Chuo Kikuu cha Bayreuth huko Ujerumani, lakini riwaya zake, ikiwemo *Utengano* ya mwaka 1980, amezitunga kwa Kiswahili. Adam Shafi, mtunzi wa *Kuli*, vivyo hivyo. Dunia ya tuzo kubwa haikupata kuwasikia kama ilivyomsikia mwenzao. Hilo si kosa la Gurnah, wala halipunguzi thamani ya kazi yake, ila ni haki litajwe na sisi tunaoandika kwa lugha hii.

Wala hatudai kwamba Gurnah angeandika vema zaidi kwa Kiswahili. Pengine umbali ndio uliompa jicho lile lisilopepesa. Aliyekaa nyumbani angeona taabu kuichora bustani ya tajiri bila kwanza kuomba radhi kwa wenye nyumba. Hadjivayanis ameileta picha hiyo mbele ya wenye nyumba wenyewe. Tumewasikia wazee wawili wakibishana juu yake, mmoja akisema kwamba Aziz alikuwa mtu mpole, hakumpiga yule mtoto hata siku moja. Na mwenzake akamwuliza kama angempa mjukuu wake.