Chupa Sita za Torino na Hesabu ya Kubahatisha

Kazi ya kuficha ilianza mchana, wageni wakiwa bado makwao. Mwenyeji wetu hakuzivika chupa mifuko ya karatasi, kama wafanyavyo wapenzi wengi wa mvinyo wanapokutana kuonja bila kujua wanachoonja. Alifungua chupa sita za mvinyo mwekundu wa Italia, akamimina kila moja kwenye jagi lake, akaacha mashapo chini, kisha akaujaza mvinyo katika chupa tupu sita ambazo sifa yake pekee ilikuwa kufanana.

Mtu wa Torino anajua kwa nini. Barolo nyingi huuzwa katika chupa ya Albeisa, yenye mabega ya mteremko na neno hilo limechomoza kwenye kioo chenyewe. Wazalishaji wa eneo la Alba, si mbali na Torino, waliifufua chupa hiyo mwaka 1973, na kwa aliyeizoea, kidole kimoja juu ya mfuko kinatosha kuisoma. Chianti Classico na Brunello kwa kawaida huja katika chupa za mabega yaliyosimama. Kizibo nacho huchapwa jina la shamba, na chupa za DOCG, daraja la juu kabisa katika sheria ya mvinyo ya Italia, hubandikwa ukanda wa serikali wenye namba shingoni. Mfuko huficha lebo tu. Nimeshaona jioni ambazo mshindi alikuwa fundi wa kutambua chupa, na mvinyo ulikuwa kisingizio.

Kumimina mara mbili kuna gharama yake, kwa sababu hewa huubadilisha mvinyo, na ule mkongwe sana unaweza kufifia kabla haujafika mezani. Chupa za siku hiyo zilikuwa changa kiasi cha kuvumilia. Muhimu zaidi, zote zilipata hewa kwa kipimo kimoja na zote zilikaa kwenye nyuzi 18 za Selsiasi. Kikundi ambacho kila mtu huja na chupa yake kwapani hakiwezi kupata hilo. Mvinyo mmoja hufika baridi, tanini zake, zile zinazoleta ukakasi, zikauma zaidi. Mwingine umepata joto garini, alkoholi yake ikapanda puani. Isitoshe, aliyeleta chupa anaijua, na macho yake humsaliti.

Kila chupa ilinunuliwa mbili. Ya pili ni ya akiba, endapo ya kwanza ina ugonjwa wa kizibo, yaani kemikali iitwayo TCA, ambayo nanogramu chache tu kwa lita hutosha kuutia mvinyo harufu ya boksi lililolowa. Katika uonjaji wa wazi mtu atasema chupa imeharibika. Katika uonjaji wa kuficha, mvinyo mgonjwa hupewa alama mbaya kimyakimya na hakuna anayeutetea. Mwenyeji alinusa zote kabla ya kuzimimina. Chupa za akiba zilibaki zimefungwa, na baadaye zilipata kazi nyingine.

Baada ya hapo alitoka chumbani. Jirani asiyekunywa pombe aliingia, akazipanga upya zile chupa zinazofanana na kuzibandika namba za tarakimu tatu zilizookotwa ovyo, akaiweka orodha mfukoni. Tarakimu tatu ni desturi ya maabara za kupima ladha: ukiziita chupa A, B na C, au 1, 2 na 3, watu huipendelea ya kwanza bila kujijua. Na kwa kuwa mwenyeji mwenyewe hakujua tena ipi ni ipi, aliweza kuketi na kuonja pamoja nasi, na uso wake usituambie chochote.

Tulikuwa waonjaji kumi na wawili. Chupa ya mililita 750 hutoa miminiko kumi na tano ya mililita 50, kwa hiyo kila mtu alipata glasi sita mbele yake kwa wakati mmoja, kukawa na salio. Mililita 300 za mvinyo wa asilimia 14 ni mililita 42 za alkoholi tupu. Ndoo za kutemea zilikuwa mezani, na waliozidharau walikuwa na maoni mengi zaidi kuelekea mwisho.

Majina ya mivinyo tulipewa: Barolo, Etna Rosso, Chianti Classico Riserva, Brunello di Montalcino, Taurasi na Amarone. Kazi ilikuwa kuoanisha majina sita na namba sita. Hapa ndipo jioni nzima iliamuliwa, na iliamuliwa dukani, kabla hata kizibo cha kwanza hakijang'olewa.

Tazama alivyochagua. Barolo hutengenezwa kwa zabibu za Nebbiolo peke yake, na sheria inautaka ukae miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati ya hiyo katika mapipa ya mbao. Rangi yake ni hafifu, ukingo wake huwahi kugeuka chungwa, halafu tanini zinakushika mdomo kuliko rangi ilivyoahidi. Etna Rosso hutoka kwenye miteremko ya volkano huko Sicilia, angalau asilimia 80 ikiwa Nerello Mascalese, zabibu nyingine ya rangi hafifu, uchachu mwingi na tanini za kutosha. Kati ya Torino na Etna kuna urefu wa Italia nzima, lakini ndani ya glasi hizi mbili hukaribiana mno. Huo ndio mtego wa kwanza, na ulitegwa vizuri.

Mtego wa pili ni wa Toscana. Brunello ni Sangiovese tupu, na haiingii sokoni kabla ya tarehe 1 Januari ya mwaka wa tano baada ya mavuno. Chianti Classico inatakiwa iwe na Sangiovese kwa asilimia 80 au zaidi. Sehemu iliyobaki mzalishaji anaruhusiwa kuijaza kwa zabibu nyingine nyekundu. Anayeonja anatafuta tofauti kati ya ndugu wa damu, na ile asilimia 20 inaweza kumpoteza: Merlot kidogo tu huifanya Chianti ionekane nzito na ya gharama, na mtu akaiandika Brunello.

Taurasi ni ya Campania, kwa zabibu za Aglianico zinazochelewa mno kuiva. Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Kwenye vilima vya Irpinia, inakotoka Taurasi, mkulima husubiri mavuno yake ya pekee hadi mwishoni mwa Oktoba, au Novemba kabisa. Matokeo yake ni mvinyo mweusi wenye uchachu mkali na ukakasi kama wa bibo lililoumwa kabla ya kuiva. Amarone nayo ni ya Valpolicella, karibu na Verona: zabibu huanikwa ndani ya maghala kwa miezi kadhaa mpaka zinyauke, ndipo zikamuliwe. Alkoholi hufika asilimia 15 au 16, na harufu ya zabibu kavu hukufikia kabla hujainamisha kichwa.

Amarone ilikuwa kosa. Taurasi ilikuwa nusu kosa. Sababu ni ya kihesabu, na vikundi vingi huipuuza.

Ukioanisha majina na glasi kwa kubahatisha tu, wastani wa majibu sahihi ni moja. Haijalishi glasi ni nne, sita au ishirini. Wastani ni huo huo. Kwa glasi sita kuna mipangilio 720 inayowezekana. Katika 265 hakuna jibu hata moja lililo sahihi, na katika 264 lipo moja. Kupatia matatu au zaidi kwa bahati tupu hutokea katika mipangilio 56, chini kidogo ya asilimia 8. Kwa hiyo mtu akipatia matatu kati ya sita, inaonekana ana haki ya kupigiwa makofi.

Sasa mpe mtu huyo Amarone bure, maana kila pua itaitambua, na Taurasi kwa sababu ya weusi na ukakasi wake. Zimebaki glasi nne, na wastani wa kubahatisha kwa nne bado ni moja. Asiyeijua kabisa tofauti ya Barolo na Etna, wala ya Chianti na Brunello, atatoka na majibu matatu kwa wastani. Nafasi yake ya kufikisha matatu imeruka kutoka asilimia 8 hadi 62.5. Makofi yaleyale, ujuzi wa glasi mbili. Pale mezani waliopatia matatu walikuwa wengi, wakajisikia mabingwa, na sikuona haja ya kuwaharibia chakula cha usiku.

Rangi nayo ilivujisha siri. Tuliketi chini ya taa nyeupe, tukiinamisha glasi juu ya karatasi, na weusi wa Taurasi ulionekana kabla ya kunusa. Jambo hili si dogo. Mwaka 2001 watafiti Gil Morrot, Frédéric Brochet na Denis Dubourdieu walichapisha jaribio lililofanywa Bordeaux, ambamo wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Waliueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Jicho hutangulia, pua ikafuata ikikubali. Glasi nyeusi zingelimaliza tatizo hilo, na zinauzwa. Mwenyeji aliziona ni madoido. Mimi naziona ni sehemu ya kipimo, hasa katika kundi lenye zabibu mbili zinazosifika kwa rangi hafifu.

Upande wa kinywa ulisimamiwa vizuri zaidi. Tanini hushikamana na protini za mate, kwa hiyo kila mnywo wa mvinyo mkali huukuta mdomo ukiwa na ulinzi pungufu. Mvinyo unaofuata baada ya Taurasi huadhibiwa kwa dhambi isiyo yake. Dawa yake ni kuzungusha zamu: kila mmoja wetu alianzia glasi tofauti, ili adhabu hiyo igawanyike. Katikati kulikuwa na maji na grissini, vijiti vya mkate vikavu ambavyo Torino inavidai kuwa vyake. Jibini ilizuiwa hadi karatasi zikusanywe. Kuna aliyenung'unika, lakini mafuta na protini za jibini hulainisha tanini, na Barolo isiyouma si kielelezo cha Barolo.

Hapakuwa na mazungumzo pia. Mtu mmoja mwenye sauti ya uhakika akisema "lami na waridi", maneno ambayo wapenzi wa Nebbiolo huyakariri, nusu ya meza itainusa lami hata pasipokuwapo. Karatasi zilikusanywa kwanza, ndipo ndimi zikafunguliwa.

Sehemu niliyoithamini kuliko zote ilikuja baada ya hapo, na wengi waliichukulia kama mchezo. Chupa za akiba za Barolo na Etna zilifunguliwa. Kila mtu akapewa glasi tatu ndogo, mbili zikiwa na mvinyo mmoja, ya tatu mwingine. Nusu yetu walikuwa na Barolo mbili, nusu Etna mbili. Swali moja: ipi ni tofauti? Kubahatisha ni theluthi moja, yaani wanne kati ya kumi na wawili. Wakipatia saba, bado kuna uwezekano wa zaidi ya asilimia 6 kwamba ni bahati. Wakifika wanane uwezekano huo hushuka chini ya asilimia 2, na hapo unaweza kusema kikundi kimeitambua tofauti. Kikundi chetu kilivuka mstari huo kwa taabu. Lakini wapo waliotenga glasi sahihi na bado walikuwa wamebadilisha majina ya mivinyo hiyo miwili katika raundi ya kwanza. Kuhisi tofauti ni uwezo mmoja, kuipa jina ni mwingine, na raundi ya kuoanisha peke yake huvichanganya.

Kuhusu upendeleo nitasema machache. Tuliorodhesha mivinyo kuanzia tuliyoipenda zaidi, nafasi zikajumlishwa, na Amarone ikaongoza kama nilivyotarajia: bila chakula, alkoholi na ulaini hushinda. Jumla ilificha kwamba Taurasi iliwagawa watu, ikawekwa juu kabisa na wengine na mkiani na wengine, ikaishia katikati kana kwamba haikumgusa mtu. Jumla za namna hii zina historia. Mwaka 1976 jijini Paris, mfanyabiashara wa mvinyo Steven Spurrier alijumlisha alama za majaji wa Kifaransa, na Stag's Leap ya California ikaishinda Mouton-Rothschild ya Bordeaux kwa tofauti ya pointi 1.5 tu. Alikuwa ameshatangaza matokeo ya mivinyo myeupe kabla ya nyekundu kuonjwa, kwa hiyo majaji waliingia raundi ya pili wakijua kwamba Wamarekani wameshashinda moja. Italia ilipata zamu yake London mwaka 1978, Sassicaia ya 1972 ilipoongoza katika uonjaji wa Cabernet ulioandaliwa na jarida la Decanter. Kisheria huo ulikuwa mvinyo wa mezani, daraja la chini kabisa; Bolgheri Sassicaia ilipata daraja la DOC, moja chini ya DOCG, mwaka 1994. Lebo ingekuwa wazi, sidhani kama ingepata nafasi hiyo.

Mwenyeji anapanga raundi nyingine na amekubali kuiondoa Amarone. Badala yake ataweka Barbaresco, nayo ni Nebbiolo tupu, ikikaa miezi 26 badala ya 38. Hapo meza itakuwa na Nebbiolo mbili, Sangiovese mbili na Etna inayojipenyeza kati yao, na anayepatia manne nitamsikiliza. Taurasi anataka kuibakiza, ila imiminwe ya mwisho kwa kila mtu ili isiharibu midomo. Katika hilo sikubaliani naye, kwa kuwa wageni watajua mara moja kwa nini glasi moja imecheleweshwa. Afadhali azungushe zamu kama alivyofanya na kuongeza dakika tano za maji na mkate baada ya kila glasi. Glasi nyeusi nimemwahidi kuzinunua mimi.