Stesheni ya Korogwe: kwa nini saruji ilitangulia abiria

Anayepewa stesheni kongwe aifufue hutamani kuanza na paa na rangi. Kwenye njia ya Tanga kazi ilianza chini, kwenye mataruma, na kwa maoni yangu hapo ndipo ufufuaji ulipofanikiwa.

Reli hiyo Wajerumani walianza kuijenga Tanga mwaka 1893. Ikafika Korogwe 1902, Moshi 1911. Kipande cha Ruvu hadi Mnyusi, kilichofunguliwa 1963, kikaiunganisha na Reli ya Kati. Miaka ya 1990 treni za abiria zilikoma. Nyasi zikameza njia, na watu wakajenga ndani ya hifadhi ya reli.

Shirika la Reli Tanzania (TRC) lilirudi na wahandisi na vibarua wake. Kufyeka ni kazi nyepesi. Kokoto ndizo zenye mambo: zikijaa udongo, maji ya mvua hayapenyi, tuta linalegea, taruma linacheza, na reli inapinda behewa likipita. Dawa yake ni kung'oa mataruma mabovu, kuongeza kokoto na kuzishindilia, na kuzibua makalavati. Stesheni ina mtihani wake wa ziada. Njia ni moja, treni hupishana stesheni, kwa hiyo pointi (kifaa cha kuihamisha treni kutoka njia moja kwenda nyingine) isiyofunga sawasawa ni hatari kuliko ukuta wenye ufa.

Julai 2019 saruji ya Tanga ikafika Moshi kwa treni. Abiria kutoka Dar es Salaam walifuata Desemba, na Arusha ikafikiwa Oktoba 2020. Mpangilio huo una akili: saruji hainung'uniki treni ikijikokota, na uzito wake hufichua tuta linapotitia kabla binadamu hajapanda.

Kilichobaki nyuma ni upande wa stesheni unaotazama mjini, anakoshukia abiria. Treni ikiondoka Dar es Salaam alasiri, Korogwe huikuta usiku. Handeni haina stesheni, hivyo anayeshuka Korogwe kwenda Handeni bado ana kilomita 65 za lami. Huyo anahitaji taa, benchi, choo kisichofungwa jioni, na gari linalojua treni imechelewa. Hilo la mwisho ni simu moja tu kutoka kwa stesheni masta kwenda stendi.